Watoto wa Litowa

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya mjini, walivaa majoho, wakabeba mabango, wakaandamana mpaka Ikulu. Walikuwa na neno la kumwambia Rais. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila anayehitimu masomo ya juu atalitumikia taifa kwa karibu miaka miwili: miezi 5 katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, kisha miezi 18 kazini akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Vijana hawakutaka. Baadhi ya mabango yalisema maisha yalikuwa afadhali wakati wa mkoloni, na Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka mitano.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho. Msemaji wao alisoma tamko, na kiini chake kilikuwa kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini mioyo haitakuwamo. Mwalimu alikasirika sana. Aliwajibu kwamba hatamlazimisha mtu ambaye moyo wake haumo. Akakubali kwamba katika jambo moja walisema kweli: mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, na wake mmojawapo. Papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao, vijana 393. Wengi walikubaliwa tena mwaka uliofuata.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha utovu wa nidhamu na adhabu yake, na wakishafika hapo wasimulizi hukifunga. Mimi nimekisoma mara nyingi, na kila mara nakutana na swali ambalo mzazi hujiuliza usiku baada ya mtoto kulala. Vijana wale walikuwa wameteuliwa na kuteuliwa tena. Kila chujio la shule liliwapitisha wao likawaacha maelfu ya wenzao. Walikuwa na alama nzuri na barua za sifa kutoka kwa wakuu wao wa shule, na naamini wengi walikuwa wamewahi kuwa viranja. Ndio waliotarajiwa kuwa mahakimu, madaktari na wakurugenzi wa wizara. Shule ilikuwa imewalea kwa zaidi ya miaka kumi. Basi iliwafunza nini?

Neno kiranja lenyewe lina jibu ambalo tumelisahau. Kabla ya kuwa cheo cha shule, lilikuwa neno la jandoni. Kiranja ni yule mtoto anayetangulia kwenye kisu, anayeingia wa kwanza ili wenzake walio nyuma yake, wanaotetemeka, waone kwamba jambo lenyewe lina mwisho. Hakupewa fimbo wala mamlaka ya kumshtaki mtu. Alipewa zamu ya kwanza ya maumivu, na heshima yake ilitoka hapo. Sidai kwamba jando lilikuwa pepo ya malezi, maana lilikuwa na ukatili wake, na mtoto hakuulizwa kama anataka. Lakini mzee aliyelichagua neno hilo alijua kitu kuhusu uongozi ambacho shule ilipokuja ilikigeuza.

Tuangalie Tabora. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 kwa kusudi lililokuwa wazi. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alitaka nchi itawaliwe kupitia machifu, na machifu wa kesho walihitaji kuandaliwa. Wakakusanywa watoto wa watawala kutoka pande zote za nchi, wakalelewa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza: mabweni yenye kushindana, sare, kengele, michezo, na viranja wenye amri juu ya wenzao. Hatua kwa hatua mlango ukafunguliwa pia kwa watoto wasio wa ukoo wa kitawala waliofanya vizuri katika mitihani. Mwaka 1937 aliingia humo kijana mwembamba kutoka Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyekuwa ameanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi.

Tabora ilimfunza Nyerere mengi mema, na si haki kuinyima sifa hiyo. Alipata Kiingereza safi na kupenda vitabu, akajifunza kusimama kwenye mdahalo na kumshinda mtu kwa hoja. Kutoka hapo akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha, akaenda Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu, na Julai 1954 akawa rais wa chama cha TANU. Lakini shule ya aina ile ilikuwa na somo jingine ambalo halikuandikwa kwenye ratiba. Ilimwambia mtoto kila siku kwamba yeye ni mteule, kwamba wako walioachwa nyuma kwa sababu hawakustahili, na kwamba uongozi ni kiti kilicho juu ambacho mtu hupanda akifaulu. Kiranja wa Tabora alitangulia kwenye nini? Alitangulia kwenye heshima.

Nyerere alilijua somo hilo kwa ndani, kwa kuwa lilimpitia. Nadhani ndiyo maana siku ile ya Oktoba ilimuuma kiasi kile. Vijana wenye majoho walikuwa wametoka katika shule ambazo taifa huru lilizirithi na kuziongeza idadi bila kuzibadili moyo.

Wakati huo huo, mamia ya kilomita kusini mwa Ikulu, nje ya mji wa Songea, kulikuwa na watoto waliokuwa wakilelewa kwa namna nyingine kabisa.

Songea wakati wa Mwingereza ilikuwa nchi ya kuondoka. Ukulima wa biashara haukuchipua sana, barabara zilikuwa mbaya, na vijana walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba na msimamizi akamjua kwa namba ile. Mtu alirudi baada ya miaka akiwa na blanketi, labda na baiskeli, na mgongo ulioinama. Katika nchi hiyo, mwaka 1960, kundi dogo la Vijana wa TANU likiongozwa na Ntimbanjayo Millinga liliamua kwamba halitaondoka. Walikwenda mahali panapoitwa Litowa kuanzisha kijiji chao cha kulima pamoja. Mara ya kwanza walishindwa. Wakarudi tena, wachache kuliko mwanzo, na safari hiyo wakashika mizizi. Miaka michache baadaye vijiji vilivyofuata njia hiyo viliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia mwaka 1969 vilikuwa vipatavyo 17. Vilikuwa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na mshauri wao alikuwa Mwingereza Ralph Ibbott, ambaye yeye na mkewe Noreen walihamia Litowa na watoto wao wakaishi humo.

Kanuni moja iliwaweka pamoja: uamuzi wa kijiji hufanywa na wanakijiji wenyewe katika mkutano, na hakuna mkubwa kutoka mjini wa kuwaamulia. Watu waliolala kwenye kambi za mkonge wakiitwa kwa namba walikuwa wanajadili wao kwa wao shamba lipandwe nini na fedha iende wapi. Walipofikiria shule, hawakutaka watoto wao wafundishwe kitu kinyume cha hicho.

Hivyo ikazaliwa shule ya Litowa, na mwalimu mkuu wake akawa Suleman Toroka. Watoto wakubwa walitoka katika vijiji vya chama wakaishi shuleni. Walilima chakula chao. Walisoma hesabu na kuandika kama wengine, lakini masomo yalifungwa kwenye maisha ya kijiji, ili mtoto anayemaliza asione kwamba elimu yake ni tiketi ya basi la kumtoa Songea. Mambo ya shule yalizungumzwa na wanafunzi wenyewe katika mikutano yao. Na fimbo haikutumika. Katika miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, katika shule za Tanganyika, jambo hilo la mwisho lilikuwa karibu la kushangaza kuliko yote.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Watu wakisikia shule ya kilimo hudhani tabia njema ilitoka kwenye jembe: mtoto akitoka jasho atakuwa mnyenyekevu, akishika mpini ataheshimu kazi. Si kweli. Manamba walishika mpini maisha yao yote na hakuna aliyewaona kuwa viongozi. Jembe peke yake linafunza kulima tu. Kilichofunza Litowa ni kule kuketi.

Chukua jambo dogo kama palizi. Katika shule ya kawaida mwalimu wa zamu anawagawia watoto matuta, kiranja anasimama pembeni na daftari, na aliyevivia anaandikwa jina, baadaye anachapwa. Mtoto mvivu hapo ana kesi na mwalimu. Wenzake hawana kesi naye, tena huenda wakamficha, maana kumficha mwenzako mbele ya mwenye fimbo ni uungwana. Sasa geuza. Shamba ni letu, tulilichagua wenyewe katika kikao, na mahindi yake ndiyo tutakayokula Februari. Mvivu hana tena kesi na mwalimu. Ana kesi na mimi ninayelala kitanda cha jirani. Nitamwambia nini? Nikimtukana atanuna na palizi haitamalizika. Nikinyamaza tutashinda njaa sote. Inabidi nitafute maneno, nisikilize kwa nini hakuja, labda nigundue kwamba ana homa au hajui kushika jembe kwa kuwa kwao ni wahunzi, kisha tuamue pamoja la kufanya. Mtoto wa miaka 12 anayepitia hilo mara moja amejifunza jambo ambalo hotuba elfu moja kuhusu uwajibikaji haziwezi kumfunza. Akilipitia kila msimu kwa miaka mitano, huyo ni kiongozi, hata kama hatapewa cheo mpaka anaingia kaburini.

Na kuhusu fimbo: palipo na fimbo kikao ni maigizo. Mtoto anayejua kwamba neno lake linaweza kumpeleka kwenye bakora atasema lile ambalo mwalimu anataka kusikia. Ataitikia. Kiswahili chetu kina methali tunayoipenda sana katika malezi, samaki mkunje angali mbichi. Nimewasikia wazazi wakiisema huku wakikata fito. Lakini samaki anayekunjwa ameshavuliwa, ameshakufa, na anakunjwa ili akauke katika umbo tunalotaka sisi. Aliye hai majini hukunjika mwenyewe akifuata mkondo. Toroka na wenzake walichagua kufundisha samaki hai.

Mwalimu Nyerere aliifahamu Litowa. Alifika huko, na Ibbott aliitwa kwake zaidi ya mara moja kueleza kazi ile. Kwa hiyo, baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, mwezi uliofuata alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, hakuwa anaandika kutoka hewani. Katika mawazo yake walikuwamo vijana wa majoho, na walikuwamo watoto wa Litowa.

Waraka ule unafaa kusomwa upya na kila mzazi, hata yule ambaye siasa ya Ujamaa haimvutii. Mwalimu alitoa hesabu iliyokuwa wazi: ni kama asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, lakini shule nzima ilikuwa imepangwa kwa ajili ya hao 13, na hao 87 wengine walirudi nyumbani wakijiita walioshindwa. Akasema elimu inapaswa kumjengea mtoto mambo matatu: akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchukua kinachomfaa, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru na sawa na wengine, anayethamini wenzake na kuthaminiwa. Akataka kila shule iwe jamii inayojilisha. Shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Na akaongeza jambo ambalo katika historia yote iliyofuata lilisahauliwa upesi kuliko mengine, kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua. Aliona mapema kwamba watoto wakiamriwa tu kulima, hawatajifunza kujitegemea hata kidogo.

Wizara ikapokea waraka. Wakaguzi wakapokea. Walimu wakuu kutoka Bukoba hadi Mtwara wakapokea. Na hapo nchi ilihitaji shule moja tu ya mfano ambayo mwalimu mwenye mashaka angeweza kupelekwa kuiona kwa macho.

Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikifuta Chama cha Maendeleo cha Ruvuma.

Sababu zilikuwa nyingi na za watu wengi. Wajumbe walikuwa wametembelea mikoa mwaka ule, na baadhi hawakupendezwa na walichokikuta kusini. Vijiji vile vilikuwa na fedha na mashine ambazo mkoa haukuzidhibiti. Wanakijiji walizoea kuuliza, na mkubwa akija na agizo walitaka kujua limetoka wapi na kwa nini. Kwa viongozi waliolelewa kwenye shule za amri, swali kutoka kwa mkulima lilisikika kama uasi. Mwalimu ndiye aliyekiongoza chama kilichotoa uamuzi ule, na hakuuzuia. Namheshimu sana, na bado nasema kwamba siku ile alishindwa katika jambo lililokuwa lake mwenyewe.

Mali za chama zikachukuliwa. Wageni waliokuwa wakisaidia wakaondoka. Walimu wa Litowa wakahamishwa, wakatawanywa kwenye shule nyingine. Kijiji cha Matetereka kiliendelea kwa miaka mingi kulima pamoja, kwa ukaidi unaonipa furaha kila nikiukumbuka. Lakini ile shule iliyoonyesha jinsi watoto wanavyoweza kujitawala ilikwisha.

Elimu ya Kujitegemea yenyewe haikufutwa. Ilikwenda kila mahali. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 milango ikafunguliwa kweli. Mamilioni yetu tulipita humo. Jembe tulilikuta, mchakamchaka wa alfajiri tuliukuta, ukaguzi wa kucha na gwaride vilevile. Kikao hatukukikuta.

Nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi na maharage upande wa bondeni, kubwa kiasi kwamba ukisimama mwisho wa tuta hukuiona ofisi ya mwalimu mkuu. Tulikwenda na majembe ya kwetu, na asiye na jembe alichapwa mbili langoni. Darasa la nne niliteuliwa kuwa kiranja wa darasa. Siku mwalimu aliponiita mbele na kunikabidhi kipande cha chaki, mama yangu alipika wali. Kazi yangu ilikuwa moja, kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele mwalimu anapokuwa nje. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Aliyeendelea kusema niliweka alama ya kuongeza mbele ya jina lake, na kila alama ilikuwa kiboko kimoja. Nakumbuka mkono wangu ukiandika jina la rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na jinsi alivyonitazama bila kusema kitu ili nisimwongezee alama. Alichapwa tatu. Hatukukaa tena pamoja.

Huo ndio uongozi niliofunzwa. Nilikuwa na miaka kumi.

Shamba lilitoa magunia. Tuliyahesabu wenyewe tukiyabeba: 41 mwaka mmoja, nakumbuka kwa kuwa tulibishana kama ni 41 au 42. Lori lilikuja likayachukua. Hakuna mtu aliyetuambia yaliuzwa shilingi ngapi, na hatukuuliza, wala wazo la kuuliza halikutujia. Mwisho wa muhula kila mmoja alipewa ripoti. Upande wa kushoto yalikuwa masomo, na upande wa kulia tabia na mwenendo, kila sifa na herufi yake: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu. Nilipata A ya utii mfululizo. Baba aliisoma kwa sauti mbele ya wageni.

Ninayo bado ripoti moja, karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Nimeitazama sana wakati wa kuandika makala hii. Sifa zilizopangwa pale ni nzuri, na mtoto akiwa nazo zote mshukuru Mungu. Lakini ukilinganisha orodha ile na yale mambo matatu ya waraka wa 1967, utaona kwamba akili ya kuuliza haimo. Haikupewa mstari wala herufi. Mtoto aliyekuwa nayo hakuwa na mahali pa kupewa alama isipokuwa pale kwenye utii, na pale angepata D.

Si kwamba hakuna kilichobadilika tangu wakati huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka wazi kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Shule nyingi zina mabaraza ya wanafunzi, na viranja siku hizi hupigiwa kura, wagombea wakijinadi mbele ya mstari wa asubuhi. Hata hivyo viboko bado viko kwenye kanuni, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na mimi sijui kikao cha kweli kinachoweza kukaa nyumba moja na fimbo. Nimeona pia mafunzo ya uongozi kwa vijana yanayoendeshwa kwenye kumbi za hoteli, yenye fulana, kofia na vyeti vya rangi, ambako kijana anafundishwa siku tatu namna ya kuongea mbele ya watu. Kuongea ni kuzuri. Ila ukimuuliza kijana huyo amewahi kuamua nini pamoja na wenzake, kitu ambacho wakikosea wataumia wote, anatafuta jibu na halipati. Mafunzo yalimpa kipaza sauti, na shamba la kujadili hakupewa.

Mwaka juzi nilipita shule moja ya msingi, ya vijijini, ambako mwalimu mkuu ni mama mmoja ambaye nimemfahamu muda mrefu. Aliniambia nisubiri kidogo, watoto wana mkutano. Nikaketi nyuma, chini ya mwembe. Walikuwa darasa la tatu hadi la saba, wamekaa kwenye majani, na mwenyekiti wa kikao alikuwa mvulana wa darasa la sita mwenye sauti iliyoanza kukwaruza.

Msichana mmoja alisimama, akashika sketi yake kwa mikono miwili.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba.”

“Maharage yetu yaliuzwa shilingi ngapi?”

Mwalimu hakumjibu. Aliinuka akaenda ofisini, na watoto wakaanza kunong'ona. Mimi mwenyewe nilihisi tumbo likikaza kama miaka arobaini haikupita. Akarudi na daftari la jalada gumu, akamkabidhi yule msichana alifungue asome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari: kilo, bei ya kilo, nauli ya kwenda sokoni, ushuru, mabaki. Kwenye nauli alisimama, akauliza kwa nini mara hii ni kubwa kuliko ya mwaka jana. Mwalimu akaeleza kwamba mto ulifurika wakazunguka njia ya mbali. Mvulana wa nyuma akathibitisha, baba yake ndiye aliyekuwa na mkokoteni.

Kisha wakajadili mabaki. Wakubwa walitaka mpira mpya na nyavu za goli. Wadogo walitaka sufuria kubwa ya uji, kwa kuwa iliyopo inawafikia wao ikiwa tupu. Mjadala ulikuwa mkali, na kuna aliyelia. Mwenyekiti alipoona jua limepanda akaomba mikono, akahesabu, akatangaza mpira umeshinda kwa mikono miwili. Ndipo darasa la tatu wakasimama wote kwa pamoja wakasema hesabu imekosewa, hakuhesabu waliokaa nyuma ya mwembe. Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama pembeni. Yule mvulana akafuta jasho, akazunguka mti, akaanza kuhesabu upya, safari hii akimgusa kila mmoja begani.